Herufi Ina Jina na Ina Sauti: Jinsi Kompyuta Inavyomsaidia Mtoto Anayeshindwa Kusoma

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi leo sifichi. Nataka kuwasimulia jambo lililotupata nyumbani mwaka jana, kisha niwaeleze namna kompyuta inavyoweza kumsaidia mtoto anayeshindwa kusoma, na mahali inaposhindwa nayo. Mdogo wangu amenikubalia niandike, mradi tu nisitaje jina lake.

Kama mjuavyo, sisi ni wanafunzi wa kutwa. Jioni moja ya muhula wa pili nilifika nyumbani magharibi, nimechoka hoi, nikamkuta mama anakanda unga wa mahamri ya kuuza asubuhi. Uso wake uling'aa kwa furaha. Mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa Gredi ya 3, alikuwa amerudi na barua ya mwalimu wake. Mama alisoma hadi darasa la pili tu, na maandishi humpa shida, basi alimwambia mtoto amsomee. Kijana akaishika ile karatasi, akasimama wima kama katibu wa mkutano, akasoma bila kukwama hata mara moja: "Mzazi mpendwa, mtoto wako anaendelea vizuri sana. Ahsante."

"Hebu nawe isome," mama akaniambia. "Nataka kuisikia tena."

Nikaichukua. Barua ilikuwa fupi: "Mzazi mpendwa, mtoto wako hawezi kusoma. Tafadhali fika shuleni siku ya Jumatano."

Nilipigwa na butwaa. Nikamtazama mdogo wangu, naye alikuwa keshajisogeza nyuma ya mlango, jicho moja tu likinichungulia. Nusura niangue kicheko, lakini nilipoliona lile jicho, kicheko kilinikauka kooni.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza.

Nikamwambia ukweli. Nilidhani atachukua mwiko amcharaze. La hasha! Alikaa polepole juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mikono bado ina unga, akasema, "Basi amekuwa kama mimi."

Maneno hayo yalinichoma kama mwiba. Usiku huo sikulala vizuri. Niliamua kutafuta dawa, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Alifikaje Gredi ya 3?

Swali la kwanza nililojiuliza ni hili: mtoto anawezaje kukaa darasani miaka mitatu na ushei bila kujua kusoma, wala sisi nyumbani tusijue? Jibu ni kwamba mdogo wangu si mjinga. Ana kumbukumbu kali ajabu. Darasani wenzake wakisoma kwa sauti, yeye husikiliza na kukariri ukurasa mzima. Kesho yake anafungua kitabu na "kusoma" huku macho yake yako dirishani.

Nilimjaribu kwa kitabu ambacho hajapata kukiona. Kulikuwa na picha ya nyumba nyingi na miti, na chini yake pameandikwa "mji". Akaitazama picha, akatabasamu, akasema, "Mudzi!" Sasa, wale wenzangu mnaozungumza Kidigo mnajua kwamba mudzi ndio mji. Jibu lilikuwa sahihi kabisa, isipokuwa halikuwa limeandikwa pale! Alikuwa amesoma picha. Nikaiziba picha kwa kiganja changu, nikamwonyesha neno lile lile. Akanyamaza jii.

Halafu nikamwuliza kuhusu silabi. Aa, hapo akachangamka! Akaimba "ba be bi bo bu" kama kasuku. Lakini nilipoweka kidole kwenye "bo" peke yake, ilimbidi aanze tena kutoka "ba" mpaka aifikie, sawasawa na mtu ambaye hawezi kukanyaga ngazi ya nne bila kupita ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wimbo aliujua. Herufi hakuzijua.

Jina na sauti

Nilipeleka shida yangu kwa mwalimu mlezi wa chama chetu. Alinisikiliza, akachukua chaki, akaandika M ubaoni. "Hii ni nini?" akaniuliza. Nikajibu, "Em." Akasema, "Hilo ni jina lake. Sauti yake je?" Nikafunga midomo nikasema, "Mmm." Akacheka. "Basi mdogo wako hajawahi kuambiwa kwamba hayo ni mambo mawili."

Wasomaji wapenzi, hapa ndipo penye kiini. Kila herufi ina jina na ina sauti, kama vile ng'ombe ana jina lakini halii "ng'ombe, ng'ombe". Mtoto aliyefundishwa majina tu akikutana na neno "mama" atasema "em-ei-em-ei". Sasa hebu niambie, kuna mama gani anayeitwa Emeiemei? Mtoto mwerevu akiona mambo hayaleti maana, anaacha kuangalia herufi na kuanza kubahatisha kwa picha. Lakini akifundishwa sauti, atasema "mmm-aaa, mmm-aaa", na mara neno linamjia lenyewe mdomoni. Mbinu hii ya kuanzia kwenye sauti za herufi, kuziunganisha kuwa silabi, kisha maneno, ndiyo inayoitwa foniksi.

Lugha yetu ya Kiswahili ina bahati kubwa katika jambo hili. Irabu zetu ni 5 tu: a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, uikute mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno. Mtoto akishajua irabu 5 na konsonanti 10, tayari anaweza kuunda silabi 50. Linganisha na Kiingereza. Kina herufi 26 lakini sauti zake ni takriban 44. Tazameni herufi "a" katika maneno cat, cake, car na call: herufi ni moja, sauti ni nne! Ndiyo maana mtoto anayejifunza kusoma Kiingereza huchukua muda mrefu kuliko yule anayejifunza lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Kiswahili nacho kina vikwazo vyake. Kuna sauti moja inayoandikwa kwa herufi mbili, kama ch, sh, th, dh, gh na ny. Kuna ng ya "ngoma" na ng' ya "ng'ombe". Tena kuna m inayosimama peke yake bila irabu, kama katika "mtu" na "mto", ambayo watoto wengi huitamka "mutu" na "muto". Vikwazo hivi vinataka mazoezi mengi, na mazoezi mengi ndiyo yanayomchosha mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani. Hapo ndipo kompyuta inapoingia.

Kompyuta inafanya nini hasa?

Ninaposema kompyuta msidhani ni ile ya mezani peke yake. Kishikwambi na simu ya mkononi ni kompyuta pia, na programu nyingi za kusoma siku hizi zimetengenezwa kwa ajili ya hizo. Programu za foniksi zinatofautiana kwa sura na rangi, lakini utaratibu wake unafanana:

Kwanza, mtoto anasikia sauti, tuseme "mmm". Mbele yake kuna herufi mbili au tatu. Lazima achague ile inayotoa sauti aliyoisikia.

Pili, akipata, anasifiwa na kuendelea. Akikosa, hagombezwi wala hachekwi. Anaonyeshwa herufi sahihi, sauti inarudiwa, naye anajaribu tena.

Tatu, programu nzuri inakumbuka. Ikiona mtoto anachanganya b na d, inamletea b na d mara nyingi zaidi. Ikiona herufi fulani ameimudu, inapunguza. Kila mtoto basi anapata zoezi linalomfaa yeye, si linalomfaa jirani yake.

Nne, sauti zinaunganishwa. Mmm na aaa zinakuwa "ma". Kisha "ma" na "ji" zinakuwa "maji". Mtoto anaona kwa macho yake kwamba neno si picha ya kukaririwa, bali limejengwa kama nyumba, tofali juu ya tofali.

Faida kubwa ya mashine ni subira. Mimi nikiulizwa "hii ni nini?" mara ya ishirini, sauti yangu inabadilika hata nikijizuia. Kompyuta ikiulizwa mara mia mbili, sauti ni ile ile. Faida ya pili ni faragha. Mtoto akiwa na hedifoni masikioni, akikosa hakuna anayesikia wala anayeangua kicheko. Kwa mtoto aliyejifunza kuficha, kama mdogo wangu, hiyo si faida ndogo.

Tulivyojaribu, tukakosea

Sasa msidhani mambo yalininyookea. Jumamosi ya kwanza mwalimu aliniruhusu nimlete mdogo wangu kwenye chumba cha kompyuta. Palikuwa na programu moja ya kufundishia watoto kusoma. Ilikuwa ya Kiingereza. Kijana alifurahi kupindukia! Vikaragosi vinaruka, nyota zinamiminika, muziki unalia. Baada ya Jumamosi tatu alikuwa amekusanya nyota hata zikakosa pa kukaa. Nikaanza kujigamba nyumbani kwamba tatizo limekwisha.

Siku moja nikakumbuka ile hila ya kuziba picha. Nikakata kipande cha karatasi, nikakibandika juu ya kioo mahali picha inapotokea. Basi nyota zikakauka! Kumbe kijana alikuwa anachagua kwa kutazama picha, na pale pasipo na picha alibonyeza huku na huku mpaka kengele ya ushindi ilie. Tena sauti alizokuwa akizisikia zilikuwa za Kiingereza, na nyumbani kwetu tunaongea Kidigo na Kiswahili. Mtoto alikuwa anafundishwa kufungua kufuli ya jirani kwa ufunguo asioujua.

Nilijifunza mambo mawili. La kwanza, nyota si kusoma. La pili, mtoto aanze na sauti za lugha anayoisikia kila siku.

Mwalimu mlezi alitutafutia kishikwambi chenye mchezo wa Kiswahili. Jina lake la asili ni Feed the Monster, yaani Lisha Zimwi. Historia yake ilinivutia. Mwanzo ulikuwa mchezo wa Kiarabu kwa ajili ya watoto wa Syria waliokimbia vita, uliotokana na shindano la Norway ambalo washindi wake walitangazwa mwaka wa 2017. Baadaye ulitafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Zimwi dogo linaita sauti kwa njaa, na mtoto analivutia herufi mdomoni. Akilipa isiyo yenyewe, zimwi linaitema. Mchezo ni wa bure, na ukishauingiza hauhitaji intaneti, jambo ambalo kwetu ni muhimu kwa sababu bando ni pesa.

Lakini safari hii sikumwacha na mashine peke yake. Tulijiwekea kanuni. Kila jioni, robo saa tu. Mimi niko kando yake. Kila herufi anayoshinda kwenye kioo, lazima aiandike kwa kidole mchangani uani, akiitamka kwa sauti. Kisha tunatafuta kitu cha nyumbani chenye sauti hiyo. Siku ya "k" tulipata kuku, kikapu, kifuu na kaka yetu. Siku ya "ng'" tulihangaika mpaka ng'ombe wa jirani akalia mwenyewe.

Mama naye, akikanda unga, alianza kuitikia. "Mmm," mtoto anasema. "Mmm," mama anajibu kutoka jikoni. Mwanzoni nilidhani anatania.

Waliojaribu kwingineko

Nilitaka kujua kama wengine wamefanya haya na wamepata nini, basi mwalimu akanisaidia kutafuta.

Mchezo mmoja mashuhuri wa foniksi unaitwa GraphoGame. Ulizaliwa Chuo Kikuu cha Jyväskylä nchini Finland, chini ya Profesa Heikki Lyytinen. Wataalamu wa huko, tangu miaka ya 1990, walikuwa wamewafuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kujua kwa nini baadhi yao hupata shida ya kusoma iitwayo disleksia. Shida hiyo haina uhusiano na akili. Mtoto anaweza kuwa hodari wa hesabu na hadithi, lakini kuoanisha herufi na sauti kukamwia vigumu kuliko wenzake. Mtoto wa namna hiyo anahitaji hatua ndogo ndogo na marudio mengi, na ndivyo mchezo ule ulivyotengenezwa.

GraphoGame ulijaribiwa Lusaka nchini Zambia kwa lugha ya Kinyanja, kwa kutumia simu, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2014. Matokeo bora zaidi yalionekana pale ambapo walimu na wanafunzi, wote wawili, waliutumia mchezo. Yaani mwalimu naye alipojua sauti za herufi kupitia mchezo, somo la darasani na la simu yalisaidiana.

Lakini Uingereza mambo yalikuwa mengine. Toleo la Kiingereza la mchezo huo lilijaribiwa kwa watoto waliokuwa nyuma katika kusoma, na ripoti iliyotolewa mwaka wa 2018 ikasema watoto waliocheza hawakuwashinda wale waliopata msaada wa kawaida wa shule. Ikumbukwe kwamba shule za huko tayari hufundisha foniksi kila siku. Kwa hivyo mashine si uganga. Inasaidia sana pale ambapo kuna pengo la kuzibwa.

Mfano wa karibu zaidi uko jirani kabisa. Ukitoka hapa kwetu ukavuka mpaka pale Lunga Lunga, unaingia Horohoro, mkoa wa Tanga, Tanzania. Huko ndiko lilikofanyika jaribio la shindano liitwalo Global Learning XPRIZE. Kuanzia mwaka wa 2017, watoto karibu 3,000 katika vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, na vikawekwa vituo vya kuchajia kwa nishati ya jua. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kwenda shule. Kabla ya kuanza, zaidi ya 9 kati ya kila 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10.

Nilipopata habari hiyo nilifurahi, kisha nikatafakari. Nusu ni wengi sana, hasa kwa watoto wasio na mwalimu. Lakini nusu ya pili je? Hao walikuwa na kishikwambi kile kile, jua lile lile na muda ule ule. Mimi nadhani wapo miongoni mwao waliokuwa kama mdogo wangu, wakikusanya nyota bila kusoma, na hapakuwa na mtu wa kuziba picha kwa karatasi.

Hapa Kenya hatuko nyuma sana. Mpango wa Tusome, ulioanza katika shule za msingi za umma mwaka wa 2015, ulisisitiza sauti za herufi kwa Kiswahili na Kiingereza. Mwaka wa 2016 serikali ilianza kusambaza vishikwambi kwa shule za msingi. Kwa hivyo mbinu tunayo na vifaa vimepata kuletwa. Kinachobaki ni mtu wa kukaa kando ya mtoto.

Mahali kompyuta inapokomea

Nisije nikaonekana natangaza biashara. Kuna mambo ambayo programu ya foniksi haiwezi.

Kwanza, haiwezi kujua kama mtoto anaona au anasikia vizuri. Wako watoto wanaoitwa wazembe kumbe macho yao yanaona ukungu tu. Kabla ya yote, mtoto apimwe macho na masikio.

Pili, haifundishi maana. Mdogo wangu alipoanza kuunganisha silabi aliweza kusoma neno "ruzuku" vizuri sana, lakini ukimwuliza ruzuku ni nini, anasema labda ni mnyama. Asiyejua maana haambiwi maana, basi ni lazima sisi tumwambie! Hadithi, mafumbo, vitendawili na mazungumzo ya jioni havina mbadala.

Tatu, haijui aibu ya mtoto. Mashine inaona jibu limekosewa. Haioni jicho linalochungulia nyuma ya mlango.

Kwa hivyo wanafunzi wenzangu, kama mna mdogo wenu nyumbani anayesoma kwa kukariri, fanyeni hivi. Zibeni picha. Mwonyesheni neno katikati ya sentensi, si mwanzoni. Mwulizeni sauti ya herufi, si jina lake. Mkiona amekwama, msimcheke. Mkipata simu ya mzazi yenye programu ya Kiswahili, tumieni robo saa kila siku badala ya saa tatu Jumapili, kwani haba na haba hujaza kibaba. Hata msipopata simu, mchanga upo, kidole kipo, na sauti mnazo.

Wiki ya mwisho kabla ya shule kufungwa mwezi wa Novemba, nilirudi nyumbani nikamkuta mdogo wangu ameketi kizingitini na karatasi iliyokunjwa kunjwa. Ilikuwa ile barua. Mama alikuwa ameihifadhi miezi yote hiyo ndani ya kopo la sukari. Kijana alikuwa anaweka kidole chini ya kila silabi, jasho linamtoka.

"M-za-zi m-pe-ndwa. M-to-to wa-ko ha-we-zi ku-so-ma."

Alikwama kidogo kwenye "Tafadhali", kwa sababu ya ile dh. Akarudi, akaisema taratibu, akapita. Alipomaliza hadi "Jumatano" aliinua uso.

"Dada," akaniambia, "barua hii ina uwongo."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mama hakucheka. Alifuta mikono kwa kanga, akaketi kando ya mwanawe, akaichukua karatasi na kuweka kidole chake chini ya herufi ya kwanza.

"Mmm," akasema.

Sasa mdogo wangu yuko Gredi ya 4. Bado anasoma polepole kuliko wenzake, na Kiingereza kinamtoa jasho, lakini habahatishi tena. Mama naye amefika silabi za "sha". Chama chetu kimepanga, kwa ruhusa ya walimu, kuwakaribisha watoto wa shule ya jirani kila Jumamosi asubuhi katika chumba cha kompyuta. Tunahitaji wenzetu wa kujitolea kukaa kando yao, mtoto mmoja na mkubwa mmoja. Si lazima ujue kompyuta. Ukijua kusema "mmm" bila kusema "em", njoo.